Namba sita (kiungo mkabaji) wa aina ya Victor Wanyama anafundishwaje?

Kocha_Manyatta: Wadau, nina vijana chini ya miaka 17 hapa Kisumu. Kiungo wangu mkabaji ana nguvu, lakini anafuata mpira kila upande na kuacha pengo katikati. Nimfundishe nini kutoka kwa Victor Wanyama, yule kiungo mkabaji Mkenya aliyechezea Celtic na Tottenham?

Mlumbe_Kakamega: Omera, mfundishe kusimama. Akae kama mita 8 hadi 10 mbele ya mabeki wa kati. Beki wa pembeni akipanda, yeye asipande. Na kabla ya kupokea, ageuze shingo mara mbili: mara ya kwanza pasi haijapigwa, ya pili mpira ukiwa njiani. Apokee kwa mguu ulio mbali na mpinzani anayemkabili, mwili nusu wazi. Akipokea akitazama lango lake, ataporwa tu.

Nyanza_Mpira: Usimfunge nyuma kabisa, lakini. Novemba 2012 Celtic walipoichapa Barcelona 2-1, Wanyama ndiye aliyefunga la kwanza, kichwa cha kona. Na lile kombora la Anfield, uwanja wa Liverpool, Februari 2018 akiwa na Tottenham, alilipiga akitokea benchi: mpira umepanguliwa na kipa, yeye yuko pale nje ya boksi anausubiri. Kona zote kijana asimame hapo, mita 20 hivi, wala asirudi mapema.

Mlumbe_Kakamega: Kweli kabisa. Ila mvua ikinyesha asiteleze kukaba. Mpira hukwama topeni, mguu unampata mtu. Kadi ya njano dakika ya 15 inamfunga mikono mechi nzima.