Wauza pikipiki kubwa Malindi, mkome kutuambia "joto ni kawaida yake"

Wakuu, nimejaa hasira na sitaki kuificha. Nimenunua Yamaha DragStar 1100 ya mkono wa pili hapa Malindi, pikipiki niliyoitamani miaka, na sasa kila nikiipanda paja linaungua. Nikimpigia aliyeniuzia, jibu ni lile lile: "Ndugu yangu, joto ni kawaida ya pikipiki kubwa, utazoea."

Sizoei! Najua mashine hizi zina joto. Ni silinda mbili za V, cc 1063, hazina rejeta wala feni, zinapozwa na upepo na oili basi. Silinda ya nyuma imekingwa na ya mbele, upepo huifikia kwa taabu, nayo ndiyo iko karibu na paja lako. Ukikwama foleni ya Mtwapa saa nane mchana wakati wa kaskazi, utaungua tu, hilo silibishi. Lakini mtu akitoka mjini kwenda Gede, barabara wazi, upepo wa kutosha, injini hutulia. Yangu inazidi kuwaka. Nikivuta mafuta kwenye gia kubwa inagonga, nikiizima haiwaki tena mpaka ipoe.

Fundi akatoa plagi. Zote mbili nyeupe kama chokaa. Hiyo ni injini inayopata hewa nyingi na petroli kidogo, na mchanganyiko huo huunguza. Chanzo kiko wazi: jamaa aliyeniuzia alitoa saylensa za kiwanda, akafunga mabomba matupu apate kelele za kujionyesha, akang'oa kasha la filta na kubandika filta za wazi kwenye kabureta. Jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli, akaziacha zile zile! Hewa umeongeza, petroli hukuongeza, injini ifanyeje?

Na alijua. Hapa ndipo ninapochemka. Mabomba alikuwa ameyaviringisha bendeji ya joto, akaniambia ni ya kukinga miguu. Tulipoifungua, kromu chini yake imegeuka buluu na zambarau kuanzia kwenye silinda mpaka kwenye kona. Mapezi ya silinda, yale yanayotoa joto nje, yameliwa na chumvi ya bahari, naye akayapaka rangi nyeusi tabaka juu ya tabaka, hata katikati hapapiti ukucha. Rangi nene hivyo hufungia joto ndani. Siku ya kuiona aliniita alfajiri, akaiwasha kidogo akazima, eti majirani wamelala.

Kuna na oili. Alitia ya gari, ile nyepesi ya kupunguza msuguano. Kwenye DragStar klachi inaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini, kwa hiyo inateleza, na kuteleza kunazalisha joto jingine. Inataka oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye mkebe. Kwa jua letu hili nimetia 20W-50, na klachi imeanza kushika.

Mnaotaka kununua, msikubali kuitwa alfajiri. Nendeni mchana na fundi wenu, iendesheni mpaka Watamu na kurudi, ikipoa plagi zitolewe mkiona kwa macho yenu. Mabomba yakiwa na bendeji, ifunguliwe. Muuzaji akikataa, ondokeni.

Sasa nimeambiwa saylensa na kasha la filta la asili anavyo nyumbani, anavitafutia mteja wake mwingine. Yaani pikipiki aniuzie mimi, viungo vyake amuuzie mtu mwingine! Nimemwambia mbele ya mashahidi: avilete, na kubadilisha jeti alipe yeye. Hajajibu. Jina simtaji, ila akisoma hapa anajijua.

Kama kuna mwenye kasha la filta la DragStar 1100, modeli yoyote kuanzia 1999, awe Mombasa au Kilifi, aniandikie. Fundi anayejua kupima jeti za kabureta mbili zilingane naye namtafuta, nitamlipa haki yake.