Jina la Speke: asili yake ni wapi huko Uingereza, na kwa nini limebaki kwa watu wachache?

Mwalimu wa Nyakato aliuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninafundisha jiografia hapa Mwanza. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliweka kidole juu ya ramani, kusini mwa Ukerewe, akasoma "Ghuba ya Speke" kama tunavyoisoma wengi wetu, yaani kwa kuitamka kila herufi, kisha akauliza kama hilo ni jina la mtu au la mahali. Nilimweleza habari za John Hanning Speke aliyefika ziwani mwaka 1858, na kwamba aliyeipa ghuba jina hilo ni Stanley, alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875. Hapo sikupata shida. Shida ilianza alipotaka maana ya jina lenyewe, kwa sababu darasani kwetu Mabula alizaliwa wakati wa mvua na Bahati anajua fika kwa nini aliitwa Bahati.

Nilipotafuta nyumbani nilizidi kuchanganyikiwa. Iko Speke ambayo ni kitongoji cha Liverpool, penye uwanja wa ndege; kiko kijiji kiitwacho Brampford Speke katika jimbo la Devon, kusini-magharibi; na nilisoma mahali fulani kwamba ukoo huu umetokana na Walter Espec, bwana mkubwa wa Kinormani aliyetawala maeneo ya Yorkshire, kaskazini. Sehemu hizo tatu ziko mbalimbali kabisa. Naomba anayejua anisaidie: jina hili ni la upande gani hasa, na imekuwaje kwamba jina lililoandikwa juu ya ziwa letu, juu ya mlima wa Ruwenzori na hata juu ya hoteli za Kampala, kwao wenyewe ni la watu wachache mno?

Msomaji wa Rejista alijibu:

Mwalimu, salaam kutoka Bristol. Swali lako ni zuri, na bahati njema ni kwamba jibu lake liko umbali wa mwendo mfupi wa gari kutoka hapa ninapoishi.

Tuanze kwa kuiondoa Liverpool. Kitongoji kile kimetajwa katika daftari kuu la mali la mwaka 1086 kwa umbo la "Spec", na wataalamu wa majina ya mahali hulihusisha na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya vichaka au matawi makavu. Jumba mashuhuri la pale, Speke Hall, lililojengwa katika karne ya 16, lilikuwa la ukoo wa Norris. Kufanana kwa maandishi kumewapotosha wengi.

Jina la mtu wenu wa ziwani ni la kusini-magharibi, yaani Devon na Somerset, na asili yake ni jina la utani. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wa nchi walikuwa wakizungumza Kifaransa, na majina waliyopeana yalikuwa ya Kifaransa cha wakati huo. "Espec" huelezwa kuwa ni jina la ndege, kigong'ota, yule agongaye mti kwa mdomo. Kwa hiyo unaweza kumwambia mwanafunzi wako kwamba ramani yake ina Ghuba ya Kigong'ota, na sidhani kama atalisahau jina hilo tena.

Kuhusu Brampford Speke, watu hudhani kwamba ukoo ulichukua jina la kijiji, kama ilivyo kawaida kwa majina mengi ya Kiingereza, lakini hapa mambo yamegeuka. Kijiji kilikuwa kikiitwa Brampford tangu zamani, na kilipokuja kumilikiwa na watu wa ukoo wa Espec ndipo kikaongezewa jina lao, kama vile Dowlish Wake kule Somerset ilivyobeba jina la ukoo wa Wake, au Sampford Peverell jina la ukoo wa Peverell. Mtindo huo umejaa Devon na Somerset, nao ni msaada mkubwa kwa mtafutaji, kwa kuwa unaonyesha ukoo ulikuwa wapi hata kabla ya kuwepo rejista yoyote.

Walter Espec ni habari nyingine. Alikuwa mtu wa kweli na mkubwa: alianzisha monasteri ya Rievaulx mwaka 1132, na mwaka 1138 alikuwa miongoni mwa viongozi wa jeshi lililowashinda Waskoti katika Vita vya Bendera. Ila alikufa bila kuacha mtoto aliye hai, na mali yake ikagawanywa kwa warithi wa dada zake watatu. Mtu asiyeacha mtoto hawezi kuwa babu wa ukoo. Wanaomweka juu ya mti wa ukoo wa Speke wa Somerset wanafanya kile ambacho hata huko kwetu pwani ya Afrika Mashariki kinajulikana: kumtafuta mtu mwenye hadhi, kisha kumwunganisha nasaba kwa wino.

Sasa uchache. Katika karne ya 15 ukoo ulipata Dowlish Wake kwa ndoa na mrithi wa kike wa ukoo wa Keynes, ukajiimarisha huko na katika kijiji cha Whitelackington, karibu na mji wa Ilminster. Katika kanisa kuu la Exeter liko kanisa dogo la ndani lenye kaburi la Sir John Speke aliyefariki mwaka 1518. Sanamu yake ya jiwe imelala chali katika mavazi ya chuma, na kuta zinazoizunguka zimechongwa hadi hakuna nafasi tupu ya kuweka kiganja. Mwaka 1685, baada ya uasi wa Duke wa Monmouth dhidi ya mfalme kushindwa, Charles Speke, kijana wa nyumba ya Whitelackington, alinyongwa Ilminster. Ukoo uliendelea, lakini mwaka 1756 Anne Speke, mrithi wa Whitelackington, aliolewa na Lord North, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu kuanzia mwaka 1770 hadi 1782. Damu ilibaki pale pale, jina likaondoka. Kilichobaki ni tawi dogo lililoishi katika nyumba iitwayo Jordans, karibu na Ilminster, na humo ndimo alimotoka msafiri wenu, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Devon mwaka 1827.

Utaona kwamba jina lilipata mashamba kwa njia ya mwanamke na likapoteza mashamba kwa njia ya mwanamke. Kwa Waingereza jina hupita kwa wana wa kiume pekee, na nyumba yenye mabinti watupu hulizika jina hata kama wajukuu ni arobaini. Sisi hatulioni jambo hili kwa urahisi, kwa kuwa kwa wengi wetu jina la pili ni la baba na hubadilika kila kizazi, kwa hiyo hakuna kinachorithiwa hata kiweze kufa. Kwao ni hesabu kabisa: mwaka 1874 Francis Galton, pamoja na mchungaji Henry Watson aliyekuwa mwanahisabati, walichapisha hesabu inayoonyesha jinsi majina ya ukoo yanavyotoweka hata pale idadi ya watu isipopungua. Galton huyo huyo alikuwa mmoja wa makatibu wa Royal Geographical Society, chama cha wanajiografia cha Uingereza, wakati Speke akiwa safarini Afrika.

Mjukuu wa Mpagazi alijibu:

Naongeza jambo ambalo Mwalimu anaweza kulitumia akiwa Mwanza bila kununua tiketi ya ndege. Speke aliutawanya utoto wake juu ya ramani yetu. Mkono wa maji wa kusini mwa ziwa aliuita Jordans Nullah, na Jordans ndiyo nyumba ya baba yake aliyoitaja ndugu Msomaji. "Nullah", yaani mkondo wa maji, ni neno la India, alikokuwa askari. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 1858, baada ya kuondoka mahali alipopaandika "Isamiro", msafara ulipanda kilima kirefu, na juu yake ndipo alipoyaona maji. Kilima hicho alikiita Somerset, akaeleza kwamba amefanya hivyo kwa kuwa hakikuwa na jina la wenyeji. Isamilo ipo hadi leo, ni mtaa unaojulikana na kila dereva wa bodaboda; kwamba watu wake walikosa jina la kilima walichokuwa wakikipanda kila siku, hilo nawaachia wazee wa Kisukuma walijibu.

Somerset lilifika hata mtoni. Ramani za karne ya 19 zinaita sehemu ya Naili inayotoka ziwani "Somerset Nile". Hayo yote yamefutika. Lililodumu ni lile ambalo wengine walimpa yeye: ghuba aliyoitaja Mwalimu, na kilele cha Ruwenzori chenye mita 4,890 ambacho Duke wa Abruzzi, msafiri wa Kiitaliano, alikipa jina la Speke mwaka 1906. Hata nzohe, yule swala wa kwenye matete, kisayansi huitwa Tragelaphus spekii.

Mwalimu wa Nyakato alijibu:

Nimesoma mara mbili, na nashukuru sana. Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, nimewaona watu waitwao Speak na Speake. Je, ni ndugu zao au ni jina jingine? La pili, nasikia siku hizi kuna vipimo vya vinasaba vinavyoweza kusema kama watu wenye jina moja wana babu mmoja. Je, vinaaminika?

Msomaji wa Rejista alijibu:

Kwa la kwanza, usiamini herufi. Makasisi waliamriwa kuweka rejista za ubatizo, ndoa na maziko mwaka 1538, na waliandika kwa kusikia. Jina hili hutamkwa "Spiik", kwa hiyo ukoo mmoja, hata mtu mmoja, anaweza kuonekana kama Speke, Speake na Speeke kutegemea kalamu ya siku hiyo. Halitushangazi sisi: cheti changu cha kuzaliwa kinasema Masoud, cha shule kinasema Masudi, na kadi ya kliniki ya mama yangu inasema Msudi.

Hata hivyo, ukitazama sensa ya mwaka 1881, ambayo imenakiliwa yote na husomwa bila malipo, umbo la Speak limejaa zaidi Lancashire na sehemu za Yorkshire zinazopakana nayo. Hilo ni kundi jingine kijiografia, na mtu hapaswi kuliunganisha na Somerset mpaka apate karatasi. Njia iliyo salama ni kuanzia sensa, ambazo tangu mwaka 1851 zinataja parokia aliyozaliwa kila mtu, kisha kurudi nyuma hadi kwenye rejista ya parokia hiyo. Mtu anayekutwa Liverpool mwaka 1881 huenda alizaliwa kijijini Somerset, na hapo ndipo pa kumtafuta baba yake. Ugumu wa Devon na Somerset ni wosia. Nyaraka nyingi sana za wosia za majimbo yote mawili zilikuwa zimehifadhiwa Exeter, zikateketea kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1942. Nimewahi kufuatilia ukoo wa jirani yangu mmoja hapa hadi mwaka 1720, nikagonga ukuta huo huo.

Mhudumu wa Maabara alijibu:

Nalichukua la vinasaba. Kromosomu Y, sehemu ya vinasaba waliyo nayo wanaume, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kwa njia ile ile linayopita jina la ukoo wa Kiingereza, na ndiyo maana vitu hivi viwili vinaweza kulinganishwa. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa wanaume 1,678 wenye majina 40. Walikuta kwamba jina likiwa la wengi mno, kama Smith, wenye jina hilo hawafanani kuliko watu waliookotwa barabarani, kwa sababu wahunzi walikuwa kila kijiji. Lakini jina likiwa adimu, kama Attenborough, wengi wao wana kromosomu inayoonyesha babu mmoja wa karne chache zilizopita. Kwa hiyo uchache wa jina, ambao Mwalimu aliuona kama kitendawili, kwa maabara ni neema.

Tahadhari moja. Mwaka 2007 watafiti hao na wenzao walitoa habari za jina jingine adimu, la Yorkshire ya mashariki. Kati ya wanaume 18 wenye jina hilo waliopimwa, 7 walikuwa na kromosomu ya aina inayopatikana Afrika Magharibi, na nyaraka ziliwagawa katika matawi mawili ya ukoo ambayo wazee wao walikuwa wakiishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18. Wenyewe walijijua kuwa ni Waingereza wa kijijini, na ni kweli walikuwa hivyo. Jina likaonyesha Yorkshire, damu ya baba ikaonyesha mbali zaidi, na hakuna kati ya hivyo viwili kilichosema uongo.

Msomaji wa Rejista alijibu:

Nilisahau jambo moja ambalo mwanafunzi wako atalipenda. Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni, tarehe 15 Septemba 1864, akazikwa Dowlish Wake, na Livingstone alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Hakuwa ameoa, kwa hiyo heshima ya serikali ilimwendea baba yake: mwaka 1867 nembo ya ukoo iliongezewa picha ya maji yanayotiririka yenye neno "Nile" kwa herufi za dhahabu. Awali nembo hiyo ilikuwa na tai mwenye vichwa viwili, na juu yake nungunungu. Baada ya hapo wakawekwa wanyama wawili wa kuishika ngao kushoto na kulia, katika kijiji ambacho wakazi wake walikuwa wakitengeneza pombe ya matofaa na kuchunga ng'ombe: mamba upande mmoja, na kiboko upande wa pili.