Tupeane uzoefu: asaimenti gani ya uhasibu ilikulazimisha kufikiri?

Mwalimu wa Tudor:
Wahasibu wa Mombasa, mlio vyuoni na mlio makazini, leteni visa. Wanafunzi wangu urari, ile orodha ya debiti na krediti, wanausawazisha vizuri, ila ukiuliza "kwa nini umeiweka hapa?" kimya. Na urari kusawazika si ushahidi wa kitu. Mwaka 2002 WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, iligundulika imeandika gharama za uendeshaji za dola bilioni 3.8 kama mali ya kampuni, na debiti na krediti zilikuwa sawa!

Yangu ni ya Kongowea. Mfanyabiashara kanunua mtumba wa mashati kwa 18,000, ndani mna mashati 300. Yale 200 mazuri yametoka kwa 150. Yamebaki 100 ya fagia, yaani ya daraja la chini, ya kuuzwa 30. Stoki ni kiasi gani? Wengi hugawa sawa, 60 kila shati, wanaandika 6,000 na kufunga daftari. Nauliza: fagia utamwuzia nani kwa 60? IAS 2, kanuni ya kimataifa ya kuhesabu stoki, inataka kiwango cha chini kati ya gharama na utakachobaki nacho ukiuza, kwa hiyo isizidi 3,000. Halafu hatokosekana mmoja wa kusema gharama yenyewe isigawanywe sawa, maana mwenye mtumba alilipia kamera, yaani yale mazuri, fagia ilimfuata tu. Akigawa kwa bei za kuuzia, stoki inashuka hadi kama 1,636. Hapo darasa linawaka moto. Alama natoa kwa utetezi.

Binti wa Likoni:
Shikamoo mwalimu. Sisi tulipewa taarifa ya M-Pesa ya duka la vipuri na daftari la mwenyewe, basi. Nikatoa ada za miamala, pengo bado liko. Kumbe mzee alikuwa akilipa karo ya mtoto kwa laini ya duka. Hesabu haikuwa ngumu. Ngumu ilikuwa kumwuliza mtu mzima bila kumvunjia heshima: "hii ilikuwa ya nini, baba?" na si "mbona hii?"

Karani wa Bandarini:
Mazuri hayo, lakini KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu Kenya, inakupa saa tatu na maswali yake. Mimi nilipitia kwa karatasi za miaka ya nyuma. Na asaimenti za makundi tunazijua: anafikiri mmoja, wanne wanaweka majina.

Mwalimu wa Tudor:
La makundi kweli, ndugu yangu. Mimi nawapanga wawili wawili, na namwita mmoja atetee kazi ya mwenzake. Akikwama, wamekosa wote.

Abu Salma:
Yetu ilikuwa uchakavu wa tuktuk, yaani thamani inayopungua kila mwaka, na umri wa chombo hatukupewa. Tukaenda steji. Mmoja kasema miaka mitatu, mwingine kasema mpaka injini ifunguliwe. Tukaandika makadirio mawili, faida zikatoka mbili. Mwalimu karudisha karatasi, pembeni kaandika: "Benki mtaipelekea ipi?"

Karani wa Bandarini:
Mkapeleka ipi?

Abu Salma:
Ya miaka mitatu. Mwenye tuktuk alinuna.