Mtoto wa miaka mitano anataka kushona: nimwanzishie vifaa gani?

Mama Idrisa

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano, amevutiwa sana na ushonaji tangu tulipohamia jirani na kibaraza cha fundi cherehani. Kila jioni hurudi na vipande vya kitenge alivyookota chini ya meza ya fundi, kisha huniganda nimpe sindano. Cherehani sina, na hata ningekuwa nayo nisingemkalisha hapo kwa umri wake. Sindano ya nguo naiogopa, na uzi wake mwembamba unamshinda hata mtu mzima. Ni vifaa gani rahisi vinavyopatikana sokoni ambavyo vinamfaa, na aanze kushona nini?

Mfumaji wa Sweta

Mama Idrisa, salaam. Mimi nisingeanza na kitambaa kabisa, bali na ule mfuko wa wavu unaouziwa vitunguu. Kata kipande, kitandaze juu ya mdomo wa kopo pana, kisha kifunge kwa mpira hadi kikaze. Mpe uzi wa sufu wenye rangi kali. Kwa kuwa matundu yapo tayari na anayaona, hubakiwa na jambo moja tu la kujifunza, nalo ni kwamba sindano ikizama hapa, inaibukia pale. Watoto wengi, baada ya kuiibua sindano, huizungusha nje ya ukingo badala ya kuirudisha chini kupitia tundu linalofuata. Kwenye wavu kosa hilo huonekana papo hapo, na kulifumua ni kazi ndogo. Akizoea, mhamishie kwenye gunia la katani, halafu kwenye kipande cha blanketi kuukuu, ambacho kingo zake hazitoi nyuzi ovyo.

Kuhusu sindano, tafuta ile butu ya chuma yenye tundu pana, tunayoitumia kuunganisha vipande vya sweta. Za plastiki sizipendi: kwenye kitambaa kizito hukwama na kupinda, mtoto akasukuma kwa nguvu, na hasira zikaanza. Uzi nao usizidi urefu wa mkono wake kutoka begani hadi vidoleni, maana ukizidi hujisokota. Ukishautunga, funga ncha zote mbili kwa fundo moja ili sindano isichomoke kila anapovuta.

Bibi wa Tanga

Mwanangu, mwenzangu amesema vyema, ila vile vitenge usimnyang'anye, kwa sababu ndivyo vilivyomtia hamu. Kitenge ambacho hakijafuliwa bado kina ugumu wake wa dukani, hivyo hakikunjamani sana mkononi. Vitambaa vya kuteleza na vya kuvutika ndivyo vya kuepuka. Kiweke kipande cha kitenge juu ya blanketi kama kiraka, kisha mchoree vitone kwa chaki ya fundi, vikipishana kwa upana wa kidole chake. Sindano izame kwenye kitone kimoja na kuibuka kwenye kinachofuata. Hiyo ndiyo bandi, na fundi wenu naye huipiga kwanza nguo inapohitaji kushikizwa kabla ya kupita kwenye cherehani. Sisi tuliokulia penye mikeka tuliishika shazia ya kushonea ukili kabla ya sindano ya nguo, kwa hiyo unene wa sindano usikutie wasiwasi. Na akitokea mtu wa kukuambia kwamba kushona ni kazi ya kike, mpeleke akahesabu wanaume waliokaa nyuma ya vyerehani vya barazani.

Mama Idrisa

Nawashukuru sana. Wavu wa vitunguu ninao jikoni. Nilisahau kusema kwamba anatumia mkono wa kushoto, na ninapokaa ubavuni mwake kumwonyesha, tunachanganyana.

Mwalimu wa Awali

Dada, kaa mkabala naye ili akuige kama anavyojitazama kwenye kioo. Anayetumia mkono wa kulia hupiga bandi akitokea kulia kwenda kushoto. Yeye mwanzishie vitone upande wa kushoto. Kukata kitambaa kufanye wewe kwa sasa, kwani mikasi mingi imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia na itamsumbua bure. Awe na sindano moja tu, yenye makao yake kwenye kipande cha sponji ya godoro, na asinyanyuke kabla hajaichomeka hapo.

Kwa kazi ya kwanza napendekeza mfuko wa gololi: kipande cha blanketi chenye umbo la mstatili, kikunjwe katikati, kishonwe pande mbili, na mdomo ubaki wazi. Akilala, usiifumue kazi yake ili kuinyoosha. Hatua zikipishana, ziache, isipokuwa pale gololi zinapoweza kupenya, na hapo mwite mwenyewe aongeze bandi.