Redio ya HF kwenye jahazi la mbao: ethi na antena zikae wapi?

Nahodha_Kisiwani:
Assalaam aleikum wakuu. Jahazi letu ni la mbao, mita 16, lina tanga na injini, tunapeleka mizigo Ngazija kutoka Dar. Redio tuliyonayo ni VHF (ya mawasiliano ya karibu) ya wati 25. Tukishaipita Mafia hatumpati mtu mpaka tuikaribie Moroni. Sasa tajiri kanunua HF (redio ya kufika mbali) ya wati 150, ya mtumba, na tyuna yake (kifaa cha kulinganisha redio na antena). Fundi anataka kuvuta waya kutoka kileleni mwa mlingoti hadi shetri, na ethi (muunganisho wa redio na ardhi) aiunge kwenye hasi ya betri tu. Ni sawa?

FundiMawimbi:
Waaleikum salaam nahodha. Hapana, mzuie kwanza.

Ethi ndiyo nusu ya antena. Chombo cha chuma kina bodi lake lote, lakini mbao hazikupi kitu, kwa hiyo lazima uitafute bahari yenyewe. Nunua ukanda wa shaba wenye upana wa sentimita 7 hadi 10, ulaze ndani ya chombo chini ya usawa wa maji, kutoka kwenye tyuna hadi kwenye injini, na kama kuna tangi la chuma liunge pia. Waya wa duara usiutumie hapo, hata ukiwa mnene. Wimbi la redio hupita juujuu ya shaba, linataka upana. Karibu na injini, kata ukanda uache upenyo mdogo, kisha uziunge ncha kwa kapasita kadhaa za seramiki. Wimbi litapita, ila umeme wa betri hautapita kwenda kukulia propela na misumari.

Waya wa mlingotini ungefaa kwenye yoti. Kwenye jahazi, siku mnageuza foromali (boriti la tanga) tanga litaukumba. Simamisha antena ya fimbo ya mita 7 hivi pale shetri, tyuna ikae chini yake kabisa. Waya unaotoka kwenye tyuna kwenda kwenye fimbo uupitishe ndani ya bomba la plastiki: mtu akizungumza redioni, waya ule unaunguza mkono vibaya sana. Mabaharia wote waambiwe.

Mwana_Pangani:
Kwa nini mateso yote hayo? Simu ya setelaiti inatosha.

FundiMawimbi:
Simu inaita namba moja. Ukipata shida ukaita kwenye 8291 kilohezi, au 4125 usiku, anakusikia kila aliyefungua masikio, pamoja na meli iliyo karibu ambayo namba yake huijui. Mwenye uwezo awe navyo vyote viwili, na boya la dharura la megahezi 406 juu yake. Watu wamepotea katika maji yale, ndugu yangu. Siwezi kumwambia nahodha apunguze.

Nahodha_Kisiwani:
Nimekuelewa. Na umeme? Betri ziko mbele, redio nyuma.

FundiMawimbi:
Ukibonyeza kuzungumza inavuta karibu ampea 30. Waya mwembamba wa mbali utakula volti, na sauti itafika imekwaruza hata kama antena ni safi. Ama vuta waya mnene, ama weka betri yake pekee nyuma, juu ya usawa wa maji yanayoingia bilijini. Fyuzi ikae pale pale kwenye betri.

Kujaribu, msitumie masafa ya dharura. Panga na chombo kingine mkutane 4146 usiku au 8294 mchana, na sikilizeni kwanza kama pana watu. Ukipanda 12 megahezi usishangae Dar isikusikie na Oman ikakujibu, wimbi linaruka juu yao.

Leseni inatoka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Omba na namba ya MMSI ya tarakimu 9, inayokitambulisha chombo redioni. Za Tanzania huanza na 674 au 677. Iingizwe redioni kabla hamjang'oa nanga, maana redio ya mtumba huenda bado ina namba ya chombo cha zamani, na mkibonyeza kitufe cha dharura atatafutwa yeye.