Mizani ya sindano niliyouziwa Darajani imenilia santuri ya baba mkubwa

Wadau, salaam. Leo siji kuuliza, nakuja kulalamika. Mwenye kuona nakuza mambo apite kimya kimya, mlango uko wazi.

Nina gramafoni ya umeme nimeihangaikia miaka miwili. Mashine mtumba, mkono wake nimeufungua na kuufunga mwenyewe mezani, na katriji, kile kichwa kidogo kinachobeba sindano, nimeletewa na binamu yangu kutoka Maskati: Denon DL-103. Wanaoijua wanaijua. Ni muundo wa tangu 1962, Wajapani waliutengeneza kwa ajili ya redio yao ya taifa na mpaka leo unauzwa. Sindano yake ngumu, haitaki kubembelezwa. Kiwanda kimeandika wazi kwenye karatasi ya ndani ya boksi uzito wa sindano juu ya santuri: gramu 2.5, ukizidisha au ukipunguza usivuke 0.3.

Kupata hiyo 2.5 unazungusha kile kizito cha nyuma ya mkono. Kina mistari yake na nambari. Mie nikataka uhakika zaidi ya mistari, nikauliza kwenye kundi letu la simu ninunue mizani gani. Majibu yalikuja kama mvua ya masika. "Chukua yoyote ya dijito mkuu." "Yoyote tu, muhimu iwe na nukta mbili." Yoyote! Na aliyesema hivyo wa kwanza yumo humu, anasoma, na anajijua.

Basi nikenda sokoni Darajani, Unguja. Duka silitaji, sitafuti kesi. Kijana wa watu mchangamfu, akanitolea kimashine kidogo, cheusi, kinang'aa, kina taa ya buluu. Akawasha. Akatoa kwenye kimfuko kipande cha shaba cha gramu 5, akakiweka juu kwa ncha za vidole kama anaweka yai. 5.00.

"Unaona ami? Tano nukta sufuri sufuri. Hii haisemi uongo, hii si bin-Adamu."

Elfu themanini. Nikavutana naye mpaka sabini na tano, nikatoka kifua mbele. Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenye taa ya buluu.

Nyumbani nikafanya kila kitu kwa adabu. Mota nikazima, panga boi nikazima maana upepo wake unazichezesha nambari, kile cha kuzuia mkono usivutwe ndani nikakirudisha sufuri. Nikausawazisha mkono mpaka ukaelea hewani, haupandi haushuki, hapo ndipo sufuri ya kweli. Nikazungusha kizito mpaka mistari ikasema 2.5. Nikaishusha sindano juu ya mizani. 3.20. Nikashtuka. Nikampigia yule kijana, akacheka: "Ile mistari mapambo tu ami, fuata dijito." Nikafuata dijito. Nikarudisha nyuma, nikarudisha nyuma, mpaka mizani ikasema 2.50. Mistari wakati huo ilikuwa ikinambia 1.8. Ilikuwa ikinambia kweli, nami nikaidharau kwa sababu haina taa.

Sasa santuri. Baba mkubwa yuko Wete, Pemba. Ana santuri moja ya taarab anayoipenda kuliko baiskeli yake, na hiyo baiskeli haiazimi mtu. Kaiweka miaka yote kwenye sanduku la nguo pamoja na karafuu, ukiichomoa kwenye gamba lake chumba kizima kinanukia. Hana tena cha kuipigia. Akanipa mwezi uliopita, akanambia niipige, niirekodi kwenye simu, nimpelekee asikilize.

Nikaipiga. Fidla zikaingia vizuri, ganuni ikajibu, nikaegemea. Akaingia mwanamama kuimba, na kila penye herufi s nikasikia kitu kinachanika. Si mkwaruzo wa vumbi, vumbi nalijua, ni sauti ya kanga inayopasuliwa. Fidla zilipopanda juu zote pamoja, sindano ikaruka mistari miwili mitatu ikaanguka mbele. Nikasema uchafu. Nikaifuta kwa kitambaa laini, nikaipiga tena. Vilevile. Nikaifuta tena. Nikaipiga mara ya tatu. Mara tatu, jamani, kwa mkono wangu mwenyewe.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Tumekulia kwenye fikra kwamba uzito ndio unaoua santuri, kwa hiyo wepesi ni usalama. Uzito uliopita kiasi unaua, ndiyo, unaula mfereji polepole na kuinamisha kile kijiti kinachobeba sindano. Lakini sindano nyepesi kupita kiasi haikai mferejini. Mfereji una kuta mbili na sindano ni almasi. Sauti kali ikija, almasi inatupwa hewani na inaporudi inatua kama nyundo kwenye plastiki. Alama ile haifutiki kwa kitambaa wala kwa dua. Leo naweza kuweka uzito sawasawa kabisa na yule mwanamama bado atachanika kwenye s zake, kwa sababu nilizichana mie.

Siku mbili sikulala vizuri. Ya tatu nikausawazisha tena mkono uelee kwenye sufuri, nikaichukua ile mizani nikaisogeza chini ya sindano, bila kugusana, zimeachana upana wa kucha. Mkono ukainama. Wenyewe! Hakuna aliyeugusa, feni imezimwa, ukainama kama mtu anayeitikia salamu. Nikaiondoa mizani, ukainuka. Nikairudisha, ukainama.

Ni sumaku. DL-103 ina sumaku kubwa kichwani mwake, ndiyo inayozaa sauti. Na mwerevu aliyetengeneza kimashine hiki kaweka bamba la chuma chini ya kile kisahani cha kupimia, nafikiri ili kisiteleze mezani. Chuma kinaivuta katriji chini, kisahani kinasukumwa zaidi, mizani inahesabu mvuto ule kama uzito wa sindano. 0.7 ya gramu ya uongo. Kipande chake cha shaba hakina sumaku, ndiyo maana pale dukani kilitoa 5.00 tamu kabisa. Mizani ile ni sahihi kwa kila kitu duniani isipokuwa kazi iliyoandikwa kwenye boksi lake.

Nikataka ushahidi usio wa dijito. Jirani yangu anawatembeza wageni Mji Mkongwe, ana bakuli zima la sarafu za nchi za watu. Nikamuomba ya Kimarekani ya senti tano: uzito wake rasmi gramu 5 kamili, imechanganywa shaba na nikeli, sumaku haiishiki. Nikachukua kijiti cha mshikaki, chini yake katikati nikagundisha kijiti cha meno kwa kukingama, ikawa bembea. Upande mmoja, sentimita 6 kutoka katikati, nikabandika kipande cha kadi ya vocha nilichokibonyeza kidogo ili sindano ikae. Nikaisawazisha bembea tupu kwa nta. Kisha upande wa pili, sentimita 3 kutoka katikati, nikaweka sarafu. Gramu 5 kwa masafa ya 3 ni sawa na gramu 2.5 kwa masafa ya 6, hesabu ya darasa la tano hii.

Kizito kikiwa kwenye 1.8, pale mizani ilipotaka, sarafu ikazama chini na sindano ikanyanyuliwa kama mtoto. Nikasogeza mpaka 2.5 ya mistari. Bembea ikatulia sawa, ikitikisika kidogo, ikatulia tena. Kijiti cha mshikaki cha Forodhani kimeishinda mashine ya elfu sabini na tano.

Na wala sikuvumbua kitu. Kampuni ya Shure ya Marekani waliuza kwa miaka mingi mizani yao ya SFG-2, ambayo ni bembea hivyo hivyo, na kioo kidogo cha kutazamia usawa. Haina betri. Inapima mpaka gramu 3 na hapo inatosha kwa katriji karibu zote za nyumbani. Shure wenyewe wameacha kutengeneza katriji tangu 2018, lakini bembea zao bado zinazunguka mikononi mwa watu. Ningeiambiwa hiyo badala ya "yoyote", santuri ingekuwa nzima.

Hizo nukta mbili nazo ni za kutuvalisha miwani ya mbao. Kiwanda kinakupa nafasi ya 0.3 huku na huku, wewe 0.01 unaitakia nini? Nambari ya pili pale ni hina kwenye vidole, inapendeza tu. Ukenda dukani, ziache nyumbani hizo nukta na uende na kisumaku cha mlango wa kabati, ukipitishe juu na pembeni mwa mizani kikiwa kimefungwa uzi. Kikiyumba kuifuata, rudi kwenu. Halafu tazama kimo. Kisahani kinatakiwa kikae usawa wa uso wa santuri, maana mkono mwingine ukipimwa juu ya hapo unatoa uzito tofauti na ule wa kazini. Hii yangu imenyanyuka sentimita nzima, kwa hiyo hata isingekuwa na chuma nisingeiamini.

Mtaniambia babu zetu hawakuwa na mizani. Najua. Babu yangu sindano ikiruka alikuwa akibandika juu ya kichwa senti tano yetu ile ya samaki, na kitu kile ni karibu gramu 4 peke yake! Tulifurahi kwamba hairuki. Nendeni mkazisikilize santuri za nyumba ile leo. Na zile za zamani nzito zinazovunjika kama kigae, zile za akina Siti binti Saad walizokwenda kurekodi Bombay 1928, ni habari nyingine, mfereji wake mpana na unataka sindano yake maalumu. Baba mkubwa anazo mbili. Namshukuru Mungu alinipa hii kwanza.

Dukani nilirudi, na mizani, na kisumaku changu cha uzi. Nikamuonesha kijana. Kisumaku kikaruka kikaganda kwenye mashine mbele ya wateja. Akanyamaza kidogo, kisha: "Ami, labda sindano yako ndiyo mbovu." Nikamwambia nirudishie pesa zangu. "Boksi lishafunguliwa." Na wewe usingelifungua ungeiwasha vipi pale mbele yangu? Akatoa kile kipande chake cha shaba, wallahi, akakiweka juu tena. 5.00. Akanitazama.

NYONGEZA, saa nne usiku: Aliyeuliza kutoka Chake kwamba sarafu ya Kimarekani hana, nenda duka la dawa ununue bomba la sindano. Mililita 5 za maji ni gramu 5, kosa dogo lipo ila si la kukuharibia. Yatie kwenye kifuniko chepesi, na bembea uisawazishe kifuniko kikiwa tayari juu yake, kitupu, hapo hapo kwenye sentimita 3. Kama yupo mwenye SFG-2 Unguja au Pemba, naomba kuiazima siku mbili, nauli ya boti juu yangu.

Na wanaouliza baba mkubwa kasemaje: kapiga simu leo baada ya swala ya Ijumaa. Shikamoo, marahaba, hali za watoto, kisha akauliza, "Mwanangu, ushaipiga?" Nikamwambia bado, huku kwetu umeme unakatikakatika. Akasema hapana haraka, yeye anangoja. Umeme haujakatika wiki nzima.