Tupeane uzoefu: unayerekodi chumbani, bado unahitaji mitambo au laptopu inatosha?

KinandaKibovu
Wakuu, jana nilikuwa napanga chumba nikakutana na boksi la mitambo yangu ya zamani. Kompresa ya kusawazisha sauti, mikisa ya chaneli nane, waya zimesokotana hata sijui mwanzo ni upi. Mwaka wa pili huu sijaigusa, kila kitu nafanya kwa plagini, yaani programu za sauti ndani ya laptopu. Nataka kuuza vyote. Kabla sijajuta, mnaorekodi nyumbani leteni yaliyowakuta.

SautiYaUsiku
Uza. Miezi mitatu mbele utanunua vilevile kwa mtu mwingine. Ndivyo tulivyo.

MtegaMaiki
Umenitonesha kidonda. Mimi na mdogo wangu tulianza pamoja, yeye anaimba, mimi nimeshika kompyuta. Maiki yetu ya USB, ya bei ya chini, haina hata tundu la hedifoni. Ili dogo ajisikie vizuri nikampitishia sauti kwenye plagini sita, na mwangwi juu. Laptopu ikaanza kukoroma, sauti inakatikakatika. Nikapandisha bafa, yaani kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta inakusanya kabla ya kuichakata, mpaka sampuli 1024, kukatika kukaisha, nikajiona fundi.

Sasa dogo kila mstari anaburuta. Biti imeshafika, yeye bado yuko njiani. Rudia. Rudia tena. Usiku wa tatu nikamwambia, mbele ya mchumba wake, kwamba hana masikio ya muziki na ananipotezea muda. Akavua hedifoni akaziweka mezani taratibu. Yeye ni mtu wa kubamiza vitu, kwa hiyo ule utaratibu ndio ulionitisha. Akaondoka. Miezi minne hatukusemeshana.

Siku moja nikataka kurekodi gitaa mwenyewe. Nagusa uzi, sauti inakuja baadaye kama mtu ananijibu kutoka chumba cha pili. Nikapiga hesabu: 1024 gawa kwa sampuli 44,100 za kila sekunde ni kama milisekunde 23 kuingia, 23 nyingine kutoka, na plagini zina kuchelewa kwake. Mtoto wa watu alikuwa anausikiliza mwangwi wake mwenyewe na kuusubiri! Nikatafuta kadi ya sauti ya nje, ile yenye kitufe cha kujisikia moja kwa moja kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta. Kelele zote zile, dawa ilikuwa kitufe.

Bi_Noti
Kaka, kadi ya sauti tumeielewa. Dogo yuko wapi?

NgomaNaBesi
Hukuhitaji kununua kitu. Ungezima plagini wakati wa kurekodi na kushusha bafa hadi 128. Bure kabisa.

MtegaMaiki
@NgomaNaBesi Laptopu ile kwa 128 ingelia kama mbuzi.

Bi_Noti
Dogo jamani.

Tundu48
Mimi wangu ni wa aibu. Maiki mpya ya kondensa, siku mbili haitoi hata pumzi. Nimebadilisha waya, nimesanidi programu upya, nimemwandikia muuzaji maneno ambayo leo siwezi kuyarudia. Kitufe cha volti 48, cha kuipelekea maiki umeme, kilikuwa hakijabonyezwa.

WayaMrefu
Plagini hazina joto la analojia, ule utamu wa mitambo halisi. Nimemaliza.

NgomaNaBesi
Joto lipi? Kompresa aina ya 1176 ilitoka 1967, leo plagini za kuiiga zimejaa. Nilimpa shabiki wa analojia kama wewe faili mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Akachagua ya plagini, akaisifia "uzito wa chuma".

WayaMrefu
Alisikilizia kwenye simu huyo.

NgomaNaBesi
Na wasikilizaji wako je, wana spika za studio?

Bi_Noti
Mnagombania kompresa wakati chumba kinalia kama kisima. Kondensa yangu ilikuwa inanasa friji, mbwa wa jirani na kuta zote nne. Nikairudisha kabatini, nikachukua SM58, maiki iliyoko sokoni tangu 1966, nikaimba nimeukabili mlango wa kabati la nguo ukiwa wazi. Watu wakaniuliza nimekodi studio gani. Kompresa mtaiiga mpaka kesho, ila kitu cha kugeuza hewa ya mdomoni kuwa umeme lazima ukishike mkononi.

Tundu48
Hapo kweli. Na ukisikia mvumo usioeleweka, chomoa chaja ya laptopu utumie betri kwanza, kabla hujalaumu maiki.

KinandaKibovu
Basi maiki na kadi ya sauti vinabaki, kompresa inaondoka.

WayaMrefu
Utalia.

MtegaMaiki
Bi_Noti, tulipatana. Nilimpelekea faili ya lile gitaa langu lililochelewa, akacheka mpaka akapiga simu. Siku hizi yeye ndiye anashika kompyuta. Juzi kaniambia naburuta, na bafa iko 64.

SautiYaUsiku
KinandaKibovu, hiyo mikisa ya chaneli nane usimpe mtu kabla hujaniandikia.